Ushuru wa nguo za kichanga: tupunguze wapi?

Kwa forodha, nguo ya mtoto mchanga ni ya mtoto ambaye urefu wa mwili wake hauzidi sentimita 86. Umri hautajwi. Kwa viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani, wengi hufikia urefu huo wanapokaribia miaka miwili. Kipimo hicho kimo katika HS, mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani, na ndio msingi wa kitabu cha ushuru cha Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Nguo hizo zimetengewa namba mbili. Za kitambaa kinachovutika, kama cha fulana, huingia 6111; za kitambaa cha kawaida, kama cha shati au kitenge, huingia 6209. Soksi na glovu ndogo huzifuata humo. Kofia hazimo, nepi ziko 9619, na kiatu kilichobandikwa soli huhesabiwa na viatu vingine. Wakala wa forodha mwenye katoni moja ya vitu vya uzazi anaweza kujikuta akijaza namba nne au tano.

Ugumu huanzia kwenye lebo. Nguo nyingi za watoto kutoka China huandikwa urefu: 73, 80, 90. Fulana ya 80 ni ya kichanga. Ya 90, ya kiwanda kile kile na rangi ile ile, inahamia 6109 pamoja na fulana za watu wazima. Ikiandikwa miezi tu, ofisa na mwenye mzigo wanaweza kubishana.

Hata hivyo, kwa sasa ubishi huo haubadilishi malipo. Tangu Julai 1, 2022 Jumuiya ilipoanzisha daraja la nne la ushuru, nguo zilizo tayari zilipanda kutoka asilimia 25 hadi 35, na kichanga hakutengwa. Chukua mzigo ambao thamani yake, pamoja na bima na nauli ya meli, ni shilingi milioni moja. Ushuru ni 350,000. Kwa Tanzania, VAT ya asilimia 18 hutozwa juu ya jumla hiyo: 243,000 nyingine. Mzigo umeongezeka 593,000 kabla ya tozo za bandari, usafiri na faida ya mwenye duka. Anayelipa mwishoni ni mzazi, na nguo hizo zitambana mtoto wake kabla hazijachakaa.

Naona jambo hili halikubaliki. Tunacho tayari kipimo cha kumtenga mtoto, lakini hatukitumii kumsaidia.

Wanaotetea asilimia 35 wana hoja ya kweli: ushuru unalinda ajira. Fundi mwenye cherehani hushona gauni na kaptura za watoto, na akina mama wengi hufuma sweta ndogo kwa mikono na kuziuza. Nisingependa kuona kazi hiyo ikifa. Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka nguo zote za watoto zifutiwe ushuru.

Kitabu chenyewe cha ushuru kinatuonyesha pa kukata. Kazi ya fundi iko zaidi 6209. Ibaki kwenye 35. Sweta za uzi wa sintetiki ziko 6111.30, nazo zibaki. Lakini 6111.20 ni pamba inayovutika: fulana, ovaroli na suruali laini zinazogusa ngozi ya mtoto usiku na mchana. Hizo huhitaji mashine na kitambaa ambavyo fundi wa mtaani hana. Hapo ushuru ushuke hadi asilimia 10.

Kuna pingamizi lenye uzito zaidi. Tanzania inalima pamba, hasa Kanda ya Ziwa, na sehemu kubwa ya pamba hiyo huuzwa nje ikiwa ghafi. Mtu atauliza: kwa nini tuagize fulana ya pamba? Ni swali la haki, na jibu lake ni viwanda vya nyuzi na vitambaa. Vikijengwa vikatosheleza soko, ushuru urudishwe. Kumtoza kichanga wa leo kwa ajili ya kiwanda ambacho bado hakijajengwa si ulinzi.

Hofu ya udanganyifu ipo pia: mtu ataandika fulana za watu wazima kuwa za vichanga. Dawa yake ni kudai urefu kwa sentimita kwenye lebo na ankara, na kufungua katoni zenye mashaka.

Sheria haihitaji kusubiri miaka. Kila mwaka, kabla ya bajeti za Juni, nchi mwanachama huweza kuomba kutumia kiwango tofauti kwa mwaka mmoja, na maombi yaliyokubaliwa huchapishwa katika Gazeti la Jumuiya. Mawaziri wa fedha wapeleke ombi la mstari huu mmoja, 6111.20, katika kikao kijacho.