Malezi ya Nyumbani: Kitabu cha Kwanza cha Ajabu



Mwezi uliopita, baada ya sala ya Isha, alinijia nyumbani mtu mmoja ambaye zamani alisoma chuoni kwangu. Leo ni mtu mzima, ana mke na watoto, na mkubwa wao ni binti wa miaka 12. Tulipokwisha kuamkiana aliniambia: "Maalim, binti yangu anataka vitabu vya watu waendao mwezini, na vya nchi zisizokuwako, na vya majini na wafalme. Wenzake wa shuleni wanavisoma. Mama yake asema ni upuuzi, na bibi yake asema ni uongo, na uongo ni haramu. Mimi sijamkataza wala sijamruhusu. Nimekuja kwako uniambie: kama ni haramu nimzuie, na kama si haramu nimwanzishe na kipi."

Sikuweza kumjibu papo hapo. Sababu yake nitaieleza, kwa kuwa jibu lenyewe limo ndani yake.

Mtu huyu alipokuwa na umri kama huo wa bintiye, nilimkuta siku moja ameficha kitabu chini ya juzuu yake. Wenzake walikuwa wakisoma kwa sauti, naye midomo yake ilikuwa ikicheza, lakini macho yalikuwa kwingine. Nilimnyang'anya kitabu kile, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba aachaye maneno ya Mola wake akasoma porojo ni mtu wa hasara. Alifungua kinywa kusema neno, nikamnyamazisha. Kitabu nikakifungia sandukuni. Kabla ya siku ile alikuwa mtoto wa maswali mengi kupita wote: kwa nini mwezi huandama, kwa nini bahari ina chumvi, malaika hula nini. Tangu siku ile hakuniuliza tena. Alihitimu msahafu wake vizuri, walakini alihitimu kimya.

Miaka mingi ikapita. Siku moja nikipanga sanduku lile nilikiona kitabu, nikakifungua kwa mara ya kwanza. Kilikuwa Kusadikika, cha marehemu Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka 1951. Nilikisoma usiku ule mpaka nikakimaliza. Ni hikaya ya nchi ining'iniayo angani, ambako mtu aitwaye Karama ameshtakiwa kwa kosa la kufundisha watu elimu ya sheria. Waziri Majivuno anataka aadhibiwe. Karama anapewa nafasi ya kujitetea, naye anasimulia habari za wajumbe sita waliopelekwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alirudi na jambo la kuifaa nchi, na kila mmoja malipo yake yalikuwa kifungo.

Nilipokifunga kitabu kile niliona haya. Katika nchi ile ya dhuluma mshtakiwa aliruhusiwa kusema, na mimi katika chuo cha Qurani sikumruhusu mtoto aseme neno moja. Kusoma kitabu kingine wakati wa Qurani ni kosa, na hata leo ningelikataza. Lakini kukihukumu kitabu nisichokisoma, na kumtahayarisha mtoto mbele ya wenzake, hayo yalikuwa makosa yangu mimi.

Basi sasa na tulitazame swali lenyewe. Nasema hikaya, wala sisemi hadithi, ili neno lisichanganyike na Hadithi za Mtume wetu (s.a.w.). Je, hikaya ya kubuni ni uongo?

Uongo ni kumwambia mtu jambo lisilokuwa, ukitaka alidhani limekuwa. Msimulizi wa hikaya hafanyi hivyo. Bibi zetu wanaposema "Paukwa" nasi tukaitika "Pakawa", mapatano yamekwisha kufungwa: msemaji ajua na msikizaji ajua. Bibi huyo aliyesema ni uongo, na Mwenyezi Mungu ampe umri, bila shaka amekwisha kuwasimulia wajukuu wake Sungura na Fisi mara mia, wala hakuna mjukuu aliyetoka nje kumtafuta Sungura mwenye kusema.

Tena jambo hili halikuanza leo. Katika karne ya nane Ibn al-Muqaffa alikitia kwa Kiarabu kitabu cha Kalila na Dimna, ambamo wanyama hushauriana kama mawaziri. Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, alitunga Maqamat zake juu ya mjanja mmoja wa kubuni aitwaye Abu Zayd, na wanafunzi wa Kiarabu wamejifunza lugha humo kwa mamia ya miaka. Naye katika utangulizi wake aliwajibu wenye kumlaumu kwa kuwakumbusha hikaya za wanyama, ambazo watu walizipokea wala hawakumtia dhambini mwenye kuzisimulia.

Lakini kuna mpaka, na mzazi na aushike. Visa vya Qurani ni kweli. Safina ya Nabii Nuhu (a.s.) na upepo wa Nabii Sulemani (a.s.) havimo katika fungu moja na hikaya za watu, na Surat Yusuf, katika aya yake ya mwisho, yabainisha kwamba hayo si maneno ya kuzuliwa. Kadhalika majini tunawaamini kwa kuwa Mola wetu ametupa habari zao, lakini jini wa kitabuni afanyavyo kadiri ya kalamu ya mtungaji, huyo ni wa mtungaji. Mtoto asiyeambiwa tofauti hii anaweza kuamini yote au kukanusha yote, na yote mawili ni hatari. Na kitabu kinachousifu uchawi na kumfundisha kijana kuutamani, hicho na kiwekwe mbali naye. Ndiyo maana sisemi mtoto aachiwe asome chochote, wala sisemi azuiliwe vyote. Nasema aongozwe.

Sasa ni kitabu kipi cha kwanza? Sharti zangu ni tatu. Kiwe katika lugha anayoielewa bila kamusi. Kiwe kifupi, apate kukimaliza, maana mtoto akishindwa na kitabu cha kwanza hukichukia na cha pili. Na kiwe mzazi amekwisha kukisoma, au yu tayari kukisoma pamoja naye.

Kwa binti wa miaka 12 mimi naanza na Adili na Nduguze, cha huyo huyo Shaaban Robert, kilichotolewa mwaka 1952. Mtu wa Mfalme Rai, aliyetumwa kukusanya kodi, anagundua kwamba Adili, mtawala mwema asifiwaye na watu wote, kila usiku huwapiga viboko manyani wawili, kisha akawalisha na kuwalilia. Mtoto akifika hapo hatalala mpaka ajue sababu. Atakuta kwamba manyani wale ni ndugu wa Adili waliogeuzwa kwa sababu ya husuda, na kwamba Adili huwapiga kwa kushurutishwa na jini, hali moyo wake waumia. Muulize mwanao: mtu aliyetendewa ubaya na ndugu zake afanye nini siku apatapo nguvu juu yao? Kisha mkumbushe Nabii Yusuf (a.s.) na nduguze, umpambanulie kipi ni cha kweli na kipi ni cha kubuni.

Cha pili ni Kusadikika. Lugha yake ni nzito kidogo, basi kisomwe mjumbe mmoja kwa usiku mmoja, na usiku sita zatosha wajumbe wote.

Cha tatu sitaki akisome, nataka asimuliwe. Ni Hayy bin Yaqdhan, cha Ibn Tufayl, tabibu wa Khalifa Abu Yaqub Yusuf, aliyefariki Marrakesh mwaka 1185. Mtoto analelewa na paa katika kisiwa kisicho na watu. Paa yule anapokufa, mtoto ampasua kifua atafute ni kitu gani kilichoondoka. Hakioni, na kutoka hapo aanza kufikiri juu ya moto, na wanyama, na nyota, hata akili yake ikamfikisha kwa Muumba wake. Sehemu za mwisho ni falsafa ngumu, na mzazi aweza kuzifupisha. Kitabu hiki kilichapishwa Oxford kwa Kiarabu na Kilatini mwaka 1671, kikasomwa sana Ulaya. Yafaa vijana wetu wajue kwamba kisa cha mtu peke yake kisiwani kilikuwamo katika vitabu vya Waislamu zamani kabla hawajakikuta kwa wengine.

Kijana akiisha kuweza Kiingereza, yako mawili ya kumpa. La kwanza ni Sultana's Dream, hikaya fupi ya mwaka 1905 ya Bibi Rokeya Sakhawat Hossain, mwanamke wa Kiislamu wa Bengal, ambaye Kiingereza alifundishwa nyumbani na kaka yake. Anaota nchi ambamo wanawake ndio watendao kazi za mji na wanaume ndio wakaao ndani. Wanapika kwa joto la jua, wanavuta maji mawinguni, na vyombo vyao huruka. Si lazima mkubaliane naye. Bishaneni naye nyumbani, baba na mama na watoto, kwani ameandika ili watu wafikiri. Nasi tukumbuke kwamba hakuishia kuota: mwaka 1911 alifungua shule ya wasichana wa Kiislamu mjini Calcutta.

La pili ni kitabu cha Mfaransa Jules Verne cha mwaka 1865, juu ya watu watatu wanaorushwa kwenda mwezini kwa mzinga mkubwa kutoka Florida, Marekani. Mwaka 1969 watu watatu waliondoka Florida hiyo hiyo, na wawili kati yao wakakanyaga mwezi. Vijana husema, "Kumbe aliyajua!" Hapa mzazi asinyamaze. Ghaibu haijui ila Mwenyezi Mungu. Mtu yule alipiga hesabu. Mahali alipata, idadi alipata, lakini chombo alikosa, maana mshindo wa mzinga kama ule ungewaua abiria papo hapo, na waliokwenda kweli walikwenda kwa roketi iongezayo mwendo kidogo kidogo. Kijana akifundishwa kupambanua hivyo, atakuwa amejifunza sayansi na akida pamoja.

Viko vitabu vizuri ambavyo si vya kuanzia. Walenisi cha Katama Mkangi, cha mwaka 1995, ni cha kijana aliyekwisha kuanza kuuliza habari za utawala na haki. Nagona cha mwaka 1990 na Mzingile cha mwaka 1991, vya Euphrase Kezilahabi, huwatoa jasho hata wasomi. Na Alfu Lela u Lela, mzazi na achague mkusanyo uliotengenezwa kwa ajili ya watoto, kwa kuwa kitabu kizima kina mambo ambayo si ya watoto.

Mwisho nasema juu ya wakati. Qurani ina saa yake, na shule ina saa yake, na sala haingoji mwisho wa sura ya hikaya. Hikaya na iwe baada ya chakula cha usiku, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakisikiliza, hata bibi. Mtoto akiuliza, na ajibiwe, na mzazi asiyejua na aseme sijui. Neno hilo halimshushi mzazi. Lililonishusha mimi ni kumnyamazisha mtoto.

Hayo ndiyo niliyomjibu mgeni wangu aliporudi Ijumaa iliyofuata. Kisha nililifungua sanduku nikampa kitabu chake, nikamwomba radhi. Alikitazama sana. Akaniambia, "Maalim, siku ile nilitaka kukwambia kwamba sikukielewa mahali pamoja, nami nilikuwa nikingoja tumalize kusoma nikuulize wewe."

Nilimwuliza ni mahali gani. Alicheka, akasema amekwisha kusahau. Lakini bintiye atakisoma, na huenda naye akafika pale pale asielewe, basi wote wawili watakuja kuniuliza. Nami nawangoja.

Wa billahi taufiq.