Miaka ya Kulea Si Doa Kwenye Wasifu

Hoja za kumkataa baba anayetaka kurudi kazini baada ya miaka ya kulea zimezoeleka kiasi kwamba wanaozitoa hawajisumbui tena kuzithibitisha. Zinaanzia kwenye kikao cha ukoo, zinarudiwa kijiweni, na mwisho zinaingia kwenye chumba cha usaili zikiwa zimevalishwa lugha ya kiofisi. Nimezisikia kote huko. Niliacha kazi ya ununuzi na ugavi nikabaki na wanangu, mke wangu ambaye ni muuguzi akaendelea na zamu zake. Sasa watoto wako shule, nami natafuta ajira. Kwa hiyo nina maslahi katika shauri hili, na msomaji, ambaye ndiye hakimu, ana haki ya kulizingatia hilo. Naomba tu kila hoja isikilizwe kwa nguvu zake zote, kisha ipimwe.

Hoja ya kwanza: miaka hiyo hakukuwa na kazi. Wanasema kazi ina mwajiri, ina saa na ina mshahara. Aliyeshinda na wanawe alikuwa kwake tu. Ni kweli sikuwa na ajira, na sijadai kuwa nayo. Kosa ni kuichukulia ajira na kazi kuwa kitu kimoja. Mwaka 2013 wanatakwimu wa kazi wa mataifa mbalimbali, katika mkutano wao wa 19 uliofanyika Geneva chini ya Shirika la Kazi Duniani, walikubaliana kwamba kazi ni shughuli yoyote ya kuzalisha bidhaa au kutoa huduma, iwe kwa matumizi ya wengine au ya mwenyewe. Ajira wakaihesabu kuwa aina moja tu ya kazi. Hapa Tanzania, amri ya kima cha chini cha mshahara ya mwaka 2022 ilimtaja mfanyakazi wa nyumbani na kumwekea kiwango chake. Dada wa kazi akimwogesha mtoto, akamkorogea uji na kumfulia nguo, sheria inamtambua kuwa mfanyakazi. Baba akiyafanya hayo hayo kwa mtoto huyo huyo, tunaambiwa alikuwa anapumzika. Mahakama ya Rufani iliona mbali zaidi tangu mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilipotamka kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Shauri lilimhusu mke, lakini kilichopimwa ni kazi yenyewe. Anayetaka kuniondoa mimi kwenye kanuni hiyo aeleze ni kwa nini thamani ya kazi ibadilike kwa kubadilika jinsia ya anayeifanya.

Hoja ya pili: alikuwa akilelewa na mkewe. Kijiweni wana jina lake, marioo. Msingi wa hoja ni kwamba nyumba yenye mshahara mmoja ina mmoja anayeleta na mmoja anayekula. Hesabu hiyo imeacha nusu ya vitabu. Muuguzi wa zamu ya usiku hawezi kuingia wodini akiwa amemwacha nyumbani mtoto anayenyonya na mwingine anayejifunza kutembea, bila mtu mzima wa kubaki nao. Mshahara wake ulitegemea kuwepo kwangu kama vile chakula changu kilivyotegemea mshahara wake. Isitoshe, anayelea hulipa gharama ambayo haionekani kwenye bajeti ya mwezi. Pensheni ya uzeeni katika mifuko yetu ya hifadhi ya jamii inahitaji michango ya angalau miezi 180, na kila mwezi wa kubaki nyumbani bila kuchangia ni mwezi usiohesabika. Marioo hutafuta faida. Baba anayelea ameacha mshahara, ameacha kupandishwa cheo na ameacha michango ya uzee wake kwa ajili ya wanawe. Hayo mawili hayafanani.

Hoja ya tatu: kulea si kwa mwanamume wa Kiafrika, haya ni mambo ya kuiga Ulaya. Wenye hoja hii huitegemeza kwenye nguzo mbili, mila na maumbile, na nguzo hizo zinagombana. Ikiwa maumbile yanamzuia mwanamume kulea, kumzomea anayelea hakuna kazi, maana maumbile yangetosha kumzuia. Kuhusu mila, ushahidi uko hapa nchini, kandokando ya Ziwa Eyasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliwalinganisha baba wa Kihadzabe na baba wa Kidatoga, jamii mbili zinazoishi jirani. Wahadzabe, ambao ni wawindaji na wakusanyaji, hushiriki sana kuwatunza watoto wao wadogo. Wadatoga, ambao ni wafugaji, hushiriki kidogo. Watafiti waligundua pia kwamba baba wa Kihadzabe wana homoni ya testosteroni kidogo kuliko wanaume wenzao wasio na watoto, tofauti ambayo hawakuiona kwa Wadatoga. Maana yake ni kwamba hata mwili wa mwanamume hufuata kazi aliyoizoea. Jamii zote mbili ni za Kiafrika. Kuhusu Ulaya, Sweden ndiyo ilikuwa nchi ya kwanza duniani kufungua likizo ya malezi kwa baba na mama, na hiyo ilikuwa mwaka 1974. Mhadzabe hakusubiri sheria ya Sweden ili ambebe mwanawe.

Hoja ya nne inatoka kwenye dini, na inastahili heshima kwa sababu wengi huitoa kwa nia njema. Muislamu atakumbusha kwamba mume ni msimamizi wa nyumba na matumizi ni juu yake. Mkristo atataja barua ya kwanza kwa Timotheo inavyomkemea asiyewatunza watu wa nyumbani mwake. Naziheshimu hukumu zote mbili, na nauliza zinamtaka baba afanye nini. Zinamtaka abebe wajibu wa watu wake. Hakuna hata moja inayosema kumtunza mtoto kwa mikono ni kuukimbia wajibu huo. Katika mkusanyo wa Bukhari, Bi Aisha aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kwamba alikuwa akiwahudumia watu wake hadi wakati wa sala unapofika. Lakini jibu kubwa zaidi limo ndani ya hoja yenyewe. Ikiwa dini inamtaka mwanamume alete riziki, basi anayemfungia mlango wa ajira mwanamume anayeitafuta riziki hiyo anamzuia kutimiza faradhi yake. Hoja ya dini, ikifuatwa hadi mwisho, inadai niajiriwe.

Hoja ya tano ndiyo nzito kuliko zote: ujuzi umechakaa. Fani yangu imebadilika kweli. Mfumo wa manunuzi wa TANePS umeondoka, NeST ikachukua nafasi yake mwaka 2023. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2011 imefutwa na ya mwaka 2023. Aliyeondoka kabla ya hayo hawezi kurudi akajifanya hakuna kilichotokea. Lakini tazama mabadiliko hayo yanathibitisha nini. NeST ilipokuja, ofisa aliyekuwa na miaka 20 mezani hakuijua. Alilazimika kufundishwa kama kila mtu. Ikiwa yeye alijifunza na akabaki na cheo chake, kuijua NeST ni jambo la mafunzo, na mafunzo hayana ubaguzi kwa aliyekuwa nyumbani. Ambavyo havikubadilika ni vile vinavyochukua miaka kuvipata: kusoma zabuni na kuona bei isiyoendana na soko, kumbana mzabuni anayechelewesha mzigo, kukataa saini pale mzigo uliopokelewa unapotofautiana na hati. Ofisi hizo hizo zinazotoa hoja hii humpa ofisa ruhusa ya miaka miwili kusoma shahada ya uzamili na kumpokea bila kumuuliza amesahau nini. Basi kutokuwepo peke yake hakuwasumbui. Wakitaka kujua ninachokijua leo, Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi ina mitihani na usajili, na chumba cha usaili kina maswali. Waniulize kuhusu kazi.

Hoja ya sita husemwa kwa sauti ya chini: mwanamume haachi kazi bure, lazima alifukuzwa. Katika fani inayoshika fedha za watu, mwajiri ana sababu ya kuwa mwangalifu, na simlaumu kwa kuuliza. Namlaumu kwa kujijibu mwenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi. Cheti kipo, na mwajiri wa zamani anaweza kupigiwa simu. Tuhuma inayoweza kuthibitishwa au kufutwa kwa simu moja, ikiachwa hivi hivi, inaonyesha kwamba aliyeitoa hakutaka kujua.

Hoja ya saba: mtoto akiugua atakimbia kazi. Mwajiri anahitaji mtu anayeonekana kazini, na hilo ni haki yake. Lakini swali hili haulizwi baba mwenye watoto watatu ambaye hakuwahi kuacha kazi, kwa kuwa inadhaniwa nyumbani yuko mke wa kuwapeleka hospitali. Anaulizwa mwanamke, na sasa naulizwa mimi. Swali lingekuwa la mahudhurio, lingeulizwa kwa kila mwenye mtoto. Kifungu cha 7 cha Sheria hiyo ya Ajira na Mahusiano Kazini kinakataza ubaguzi kwa misingi kadhaa, ikiwamo hali ya ndoa na majukumu ya kifamilia, na ulinzi wake unamhusu pia anayeomba kazi. Sasa, msomaji, iweke hoja hii kando ya ile ya kwanza. Mwanzo tuliambiwa nyumbani hakuna kazi. Hapa tunaambiwa nyumbani kuna kazi nyingi kiasi cha kumzuia mtu kuhudumia ofisi. Mtu yule yule huzitoa zote mbili katika usaili mmoja. Achague moja. Ikiwa malezi si kazi, hayawezi kunivuta kutoka mezani. Na ikiwa ni mazito kiasi hicho, basi aliyeyabeba kwa miaka bila mshahara amekwisha kuonyesha uvumilivu ambao mwajiri anasema anautafuta.

Hoja ya nane: nafasi ni chache, wapewe vijana waliohitimu. Kilio cha wahitimu ni cha kweli, na hakuna mzazi asiyekisikia. Lakini nafasi ninazoomba zinataka uzoefu wa miaka mitano au zaidi. Mhitimu wa mwaka huu hana miaka hiyo, na tangazo lenyewe limemwondoa kabla mimi sijaomba. Anayenikataa kwa jina la vijana, kisha akamwajiri mwenye uzoefu kama wangu aliyetoka kampuni ya jirani, hakumsaidia kijana yeyote. Kuna wanaolainisha hoja hii wakisema basi arudi aanzie chini na mshahara wa mwanagenzi. Nina jibu lenye mpaka. Nyongeza za miaka ambayo sikuwepo sizidai, maana sikuzifanyia kazi. Ngazi niliyokuwa nimeifikia siku ninaondoka naidai, maana hiyo niliifanyia kazi.

Imebaki hoja ambayo watu huitoa kama huruma: mwanamke aliyebaki na watoto anaeleweka, mwanamume haeleweki. Kujifungua ni kwa mwanamke peke yake, na sheria ya ajira ya 2004 ilipotungwa ilimpa likizo ya siku 84, baba ikampa siku tatu. Lakini tunachozungumzia hapa ni miaka inayofuata baada ya siku hizo, ya chanjo, ya homa za usiku, ya kumfundisha mtoto kushika kijiko. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilipoorodhesha wajibu wa kumlinda na kumtunza mtoto, iliuweka juu ya mzazi, na baba ni mzazi. Mkataba namba 156 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, ulitungwa kwa ajili ya wafanyakazi wenye majukumu ya kifamilia, wanaume kwa wanawake, na unataka wasaidiwe kurudi kwenye ajira baada ya kuwa nje kwa sababu ya majukumu hayo. Na huruma hiyo anayodaiwa kupewa mwanamke, wanawake waliorudi kazini wanajua ni ndogo kiasi gani. Wao waliulizwa maswali haya muda mrefu kabla yangu. Yalikuwa mabaya walipoulizwa wao, na ni mabaya ninapoulizwa mimi.

Ushahidi ndio huo. Hoja ya kwanza na ya saba zinakanushana. Ya tatu inapingwa na watu wa Eyasi, ya nne inamgeukia aliyeitoa, na ya sita inamalizwa na simu moja. Ya tano peke yake ndiyo inayostahili kujibiwa kwa vitendo, na niko tayari kuijibu. Niwekewe mezani zabuni, sheria ya sasa na mfumo wa sasa, kama watakavyowekewa waombaji wengine, na nipewe muda ule ule. Nikishindwa, nikataliwe kwa kushindwa huko. Nikifaulu, miaka niliyolea wanangu isitumike kunikatalia.