Jua la maabara linategemea waya usiotaka kuvutwa

Kila wiki klipu mpya: ati wanasayansi wametengeneza jua, stima ya karibu bure yaja, tokeni zitakuwa historia. Sisi wa Changamwe, majirani wa mitambo ya mafuta ya Kipevu, hiyo stori twaipenda. Lakini maze, hebu tuangalie inapokwama. Wengi wadhani shida ni hesabu ngumu. Sehemu kubwa ya shida ni waya.

Fyusheni ni kuunganisha viini vya atomu kwenye joto la zaidi ya nyuzi milioni 100. Hakuna sufuria ya kubeba moto huo, kwa hivyo washikiliwa na sumaku. Mtambo wa ITER, unaojengwa Cadarache, Ufaransa, una koili za supakondakta, yaani waya unaopitisha umeme bila kupoteza kitu ukipozwa hadi nyuzi 269 hivi chini ya sifuri.

Waya wenyewe ni niobiamu na bati, na ukishakamilika wavunjika kama kigae. Ndio maana koili huviringishwa kwanza, metali hizo mbili zikiwa bado hazijashikana, halafu inaokwa kwenye tanuri la nyuzi kama 650 kwa wiki kadhaa. Udongo upate ungali maji.

Baada ya hapo ndio mateso yaanza. Koili ikipozwa, ganda la chuma lasinyaa kuliko waya, waya wabanwa. Umeme ukiwashwa, sumaku nayo yausukuma: kwenye koili ya katikati ni zaidi ya tani 50 kwa kila mita ya kebo, uzani wa lori la kontena lililojaa. Yazimwa, yawashwa, maelfu ya mara. Ukivutwa hata chini ya asilimia 1, uwezo wake wa kubeba umeme washuka. Ukizidisha, wapasuka ndani na haurudi tena.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010, kebo za majaribio zilipimwa Uswisi zikaonekana zachoka kadiri mizunguko inavyoongezeka. Dawa ilikuwa nini? Kusokota nyuzi kwa kukaza zaidi, zishikane zisichezecheze. Msokota kamba za makumbi angeelewa bila darasa.

Sasa maoni yangu. Huku bara, kijana akienda kusomea ufundi twamcheka, ati alikosa alama. Lakini "hiki chuma kitachoka lini?" ndilo swali la fundi wa feri ya Likoni, na ndilo swali la ITER, ambao wapanga kuanza kutumia fueli yao kamili mwaka 2039. Vifaa ni tofauti, swali ni moja.

Kwa hivyo mtu akikutumia klipu ya stima ya bure, muulize waya umepimwa mara ngapi. Na mdogo wako akitaka kusomea kuchomelea vyuma, usimcheke. Msaidie karo.