Sura ya muchimbaji haiokotwi njiani

Kijana anatoka shimoni, matope mpaka machoni. Rafiki yake anamupiga foto na telefone, anaituma kwa WhatsApp ili familia yake ya Pinga ione kama angali muzima. Kisha foto inatembea. Mutu asiyejua Masisi wala Walikale anaikamata bila kuomba ruhusa, anaandika chini yake maneno anayotaka.

Hapo njo tunaogopa. Huku kwetu, ambako vikundi vya silaha vimepokezana barabara na machimbo kwa miaka mingi, maneno mawili chini ya foto yanaweza kuua. Muchimbaji wa kasiterite akiitwa "mwasi", nani atamutetea kwenye barieri? (Wengine hawana ubaya, wana uvivu tu: shimo la koltani wanaliandikia kobalti, kama vile Rubaya na Kolwezi ni kijiji kimoja.)

Sheria iko. Ile ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda kazi ya mupiga foto na ya muchoraji. Ile ya numeriki, ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za mutu binafsi. Lakini kutoka Pinga mpaka tribinali ni mbali, na barabara ile tunaijua wote.

Kwa hiyo tunaomba redio, mashirika na magazeti, sisi pia ndani: ulizeni kwanza nani alipiga foto, nani anaonekana, wapi, siku gani. Nanyi wazazi, musifute foto ya kwanza ndani ya telefone. Ile yenye tarehe njo mutaonyesha siku mutoto wenu atasingiziwa.