Kapteni Alex hakuhitaji Muuaji

Mhakiki anadai mwisho wa Who Killed Captain Alex?, filamu ya Nabwana I.G.G. wa Wakaliga, Kampala, ni utapeli: kichwa kinauliza nani aliua, sinema inaisha bila jibu, eti kwa sababu hela ziliisha.

Hela gani? Kumsimamisha mtu mmoja aseme "ni mimi niliyemuua" hakugharimu hata shilingi. Mtu aliyetumia bunduki za vyuma chakavu na kurusha helikopta kwa kompyuta ashindwe na sentensi moja? Hoja hiyo haisimami hata kwa mkongojo.

Na huko kutapeliwa, ni nani kalalamika? Nenda kibanda chochote cha video Keroka au Nyamira mjini, huku Kenya, mahali ambapo vijana wamelelewa na sauti ya DJ Afro, msimulizi wa filamu. Bruce U, ndugu wa Kapteni Alex, anarusha teke la kung fu. Benchi zima linasimama. Wakati huo hakuna anayeuliza habari za upelelezi. Wanachotaka ni teke lijalo, na VJ Emmie, anayepiga kelele juu ya picha tangu mwanzo, analijua hilo kuliko mhakiki. Nakala iliyobaki ni hiyo yenye sauti yake. Ile ya awali Nabwana aliifuta kupata nafasi ya kutengeneza filamu nyingine.

Mhakiki amepima kichekesho cha mapigano kwa rula ya hadithi za upelelezi. Muuaji angetajwa, mabishano ya njiani kurudi nyumbani yangekufa palepale. Filamu ni ya 2010, na bado watu wanabishana.