Usinunue kiatu cha matope ya Uingereza kama unakimbia Malindi

Kama umechoka kukimbia kwenye lami na sasa unatafuta kiatu cha porini, bila shaka ushaziona zile video. Jamaa wa Ulaya anateremka mlima wenye nyasi mbichi, matope yanamrukia hadi masikioni, kisha anageuza kiatu akuonyeshe soli yenye meno kama tairi la trekta. Unajiambia hicho ndicho changu. Tulia kwanza, msee. Pesa hiyo inaweza kukulipia kodi ya mwezi Mtwapa.

Viatu hivyo vina kazi yake. Kaskazini mwa Uingereza watu wamekuwa wakishindana kukimbia milimani miaka na mikaka, na ardhi huko ni laini, imelowa karibu mwaka mzima. Kiatu kama Mudclaw cha kampuni ya inov-8 kimetoka na meno ya milimita 8, manake jino lazima lizame kwenye tope ndipo lishike. Sasa kipeleke kwenye mawe ya matumbawe ya Watamu. Litazama wapi? Unabaki umesimama juu ya ncha za raba zinazopinda, na mguu ukicheza hapo, kifundo kinatenguka. Halafu ile lami ya kutoka nyumbani inayasaga meno yenyewe kabla hujafika msituni.

Kwetu ardhi hubadilika haraka mno. Chukua Arabuko-Sokoke. Ukiingia upande wa Gede na kuelekea ndani, unapita mchanga mweupe kwenye miti ya mrihi, halafu mbele unakutana na udongo mwekundu. Mvua nayo haigawi sawa: upande wa mashariki, karibu na bahari, hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, ilhali kaskazini-magharibi mwa msitu huo huo hupata kama 600 tu. Kwa hivyo swali la “kiatu cha mvua au cha kiangazi?” halitoshi. Uliza mguu wako utakanyaga nini kwa muda mrefu zaidi.

Kwenye mchanga mkavu meno hayasaidii chochote, yawe marefu au mafupi. Shida hapo ni mchanga kuingia ndani na kukuchubua, kwa hivyo tafuta kiatu kinachobana vizuri kwenye kifundo na ambacho kitambaa chake hakina matundu makubwa. Udongo mwekundu ukiwa mkavu unakimbilika na raba yoyote nzuri. Ukilowa mwezi wa tano, hapo ndipo meno yana faida, lakini ya milimita 4 au 5 yanatosha, tena yawe yameachana ili tope lidondoke. Yakikaribiana sana, kila mguu unabeba kilo ya udongo.

Ushauri mmoja ninaoupinga kabisa ni ule wa kununua kiatu kisichopitisha maji. Kwa baridi ya Ulaya, sawa. Lakini hapa maji hayaji na matone peke yake. Unavuka dimbwi, unapita pembeni mwa mikoko ya Mida wakati maji yanajaa, yanakuingilia kwa juu. Kiatu kile kinageuka ndoo. Na joto letu hili, hata bila mvua jasho litakijaza. Wewe chukua kinachoingiza maji na kuyatoa upesi.

Hata Enda, kampuni ya Kenya, ilianza na kiatu cha Iten, kilichomlenga mkimbiaji wa barabarani. Naona sawa, huko ndiko wanunuzi walipo. Ila sisi wa vichochoroni na msituni tunabaki na mitumba, na mitumba ina mambo yake. Usidanganywe na meno mapya. Bonyeza soli kwa ukucha: ikiwa ngumu kama plastiki, raba imezeeka na itateleza kwenye jiwe lililolowa hata kama haijawahi kuvaliwa. Kunja kiatu kwa nguvu, utazame gundi pale soli inapokutana na kitambaa. Kisha kijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na uache nafasi ya kidole gumba mbele. Ukiteremka kule Marafa, kwenye korongo la Nyari, kucha zako zitakushukuru.

Kuna watakaokwambia kimbia pekupeku, si Abebe Bikila alishinda marathoni ya Roma hivyo mwaka 1960? Ni kweli, na Tokyo 1964 akashinda tena akiwa na viatu. Ufuoni maji yakipwa, mchanga ukiwa mgumu, vua kabisa, raha yake haina mfano. Ukifika kwenye miamba, vaa. Na pale penye mwani wa kijani tembea, kwa sababu hakuna soli niijuayo ya kuaminika hapo.

Ukirudi, suuza kiatu kwa maji baridi yasiyo na chumvi, toa soli ya ndani, kianike kivulini. Jua la saa nane juu ya bati hula gundi haraka kuliko kilomita zako zote.