Shamba Lililopumzishwa Halikutupwa

Katika nchi iliyoanza safari yake kwa wito wa "Uhuru na Kazi", neno kupumzika halijapata heshima yake. Mtumishi aombaye likizo anayostahili hutazamwa kama mtoro. Mwalimu aonekanaye ametulia chini ya mti baada ya vipindi huulizwa kama hana madaftari ya kusahihisha. Imejengeka imani kwamba mtu mwema ni yule asiyetulia kamwe, na kwamba saa isiyo na kazi ya kuonyesha ni saa iliyoibiwa Taifa. Imani hiyo ina sura ya uzalendo. Hata hivyo yapasa kuchunguzwa, maana hasara zake si ndogo.

Mkulima wa Tlawi, wilayani Mbulu, ana la kufundisha katika jambo hili. Wairaqw wa nyanda hizo za juu ni watu wa jembe, na tangu zamani wamesifika kwa kuitunza ardhi yao. Samadi hutolewa zizini ikapelekwa shambani, matuta hukinga mteremko, na mazao hubadilishwa. Hakuna awezaye kuwaita wavivu. Lakini mkulima wa huko ajua kwamba shamba lilimwalo msimu hadi msimu bila kurudishiwa nguvu huchoka, na kwamba mlima usioachiwa majani huporomosha udongo wake hadi bondeni, liliko Ziwa Tlawi. Aliachapo shamba lipumzike hajalitupa. Analitayarisha.

Katika wilaya jirani ya Hanang somo hilo lilipatikana kwa gharama kubwa. Wafugaji wa Kibarabaig walikuwa na desturi ya kuhamisha mifugo yao kwa zamu, wakifuata mvua, kutoka malisho ya aina moja hadi ya aina nyingine, ili kila sehemu ipate muda wa kuota majani upya. Uwanda wa Basotu ulikuwa katika mzunguko huo. Katika miaka ya 1970 na 1980, mpango wa kilimo cha ngano uliosaidiwa na Kanada na kuendeshwa na shirika la umma la NAFCO ulitwaa makumi ya maelfu ya ekari za uwanda huo. Wapangaji waliona malisho yasiyo na ng'ombe kwa wakati ule, wakayahesabu kuwa ardhi isiyotumika. Ngano ilivunwa, lakini wafugaji walibanwa katika malisho yaliyosalia, nayo yakakosa zamu ya kupumzika. Shauri la wanakijiji wa Mulbadaw na shirika hilo lilifika hadi Mahakama ya Rufani, ambayo ilitoa hukumu yake mwaka 1985. Taifa lilihitaji mkate, na kupanda ngano hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kushindwa kutofautisha kilichopumzika na kilicho bure.

Kosa la namna hiyo hufanywa leo juu ya muda wa watumishi. Jioni ya mwalimu huonekana tupu, basi hujazwa masomo ya ziada. Likizo yake huonekana tupu, basi hujazwa kambi ya watahiniwa. Afisa aliyefika nyumbani hufuatwa na simu, na taarifa ambayo ingeweza kungoja asubuhi huombwa saa nne za usiku. Mwisho wake ni mwalimu anayesoma maandalio ya mwaka jana mbele ya wanafunzi kwa kuwa hana nguvu ya kufikiri upya, na karani anayempigia kelele mwananchi aliyetembea mbali kutafuta huduma. Anayelipa gharama ya uchovu huo ni mtoto wa mkulima.

Wala haki ya kupumzika si fadhila ya mkuu wa kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa juma, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Nyuma ya sheria za namna hiyo ipo historia ndefu ya wafanyakazi, wakiwamo wale wa Chicago waliogoma mwaka 1886 wakidai siku ya saa 8, ambao hukumbukwa kila Mei Mosi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio kwamba mtu afanyaye kazi saa 55 au zaidi kwa juma anakabiliwa na hatari ya kupata kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35 ile ya mtu wa saa 35 hadi 40.

Wapo watakaosema kwamba nchi maskini haina nafasi ya kupumzika. Hoja hiyo inastahili jibu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisisitiza juhudi, lakini halikuitaja peke yake: lilisema juhudi na maarifa. Maarifa hayaoti katika kichwa kisichopewa utulivu. Januari 1962, majuma sita tu baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alijiuzulu Uwaziri Mkuu akamwachia Rashidi Kawawa, apate kutembea miongoni mwa wananchi, kukiimarisha chama na kufikiri. Mwaka huo ndipo kilipotoka kijitabu chake juu ya Ujamaa. Kama kiongozi wa nchi changa aliona inafaa kuweka kando shughuli za ofisi ili aone njia, mkuu wa idara hawezi kudai kwamba ofisi yake itaanguka akisimama siku chache.

Azimio hilo hilo lilikemea jambo jingine lisilopaswa kusahauliwa: wanaume wa vijijini waliostarehe huku wanawake wakibeba mzigo wa kazi. Starehe ya namna hiyo si mapumziko, ni unyonyaji. Mwalimu wa kike atokaye darasani akaenda kuchota maji, kutafuta kuni na kupika, huku mumewe akiwa barazani, hajapata likizo hata kama barua yake imepigwa muhuri. Utulivu wa kweli hugawanywa, kama kazi inavyogawanywa.

Kwa hiyo wakuu wa shule na wa idara wana wajibu wa kupanga likizo mapema na kuziheshimu zifikapo, na kuacha kuupima uaminifu wa mtumishi kwa taa ya ofisi iwakayo usiku. Mtumishi naye asiijaze kila saa aliyopewa kwa shughuli nyingine, akaogopa ukimya kana kwamba ni aibu. Akae na watoto wake, asikilize wazee, au akae tu. Mvivu hujulikana kwa kazi aliyoiacha bila kuifanya; aliyetimiza zamu yake akatulia hana deni na mtu. Mkulima wa Tlawi halioni haya shamba lake lililopumzika, kwa sababu anajua litakachompa mvua zikirudi.